Hatua za Shamba na Hatua za Mota: Historia ya Istilahi Chache za Karakana

Makala haya yametokana na ubao wa mninga ulioharibika. Ubao huo ulikuwa umerandwa vizuri, umebanwa juu ya meza ya mashine katika karakana moja ya useremala mjini Dodoma, tayari kutiwa nakshi ya mlango. Nakshi ilikusudiwa kuwa na urefu wa sentimita 80. Mashine ilipokwisha kazi yake, nakshi nzima, maua na pembe zake, ilikuwa imejikunja katika sentimita 20 za pembeni, mfano wa stempu juu ya bahasha. Waya zilikuwa salama, programu ilikuwa salama, na kijana aliyeiendesha mashine aliamini kwamba amefuata agizo la fundi wake neno kwa neno. Tulikuwapo siku hiyo kwa shughuli nyingine, nasi tulipouliza agizo lilikuwa lipi, fundi alijibu: "Nilimwambia aweke nusu hatua."

Istilahi hiyo ni tafsiri sahihi, kwa jinsi tafsiri zinavyopimwa mezani. Tunaamini kwamba kamati yoyote ya istilahi ingeipitisha bila mjadala. Hata hivyo ilimpoteza mtu aliyeitumia, na mninga si mti wa kuchezea. Ndiyo sababu tumeona yafaa tueleze jinsi mashine za namna hii zilivyofika katika uwanda wa kati wa nchi yetu, maneno yaliyofuatana nazo, na mahali ambapo neno hatua liliteleza.

Mashine yenyewe haikununuliwa dukani. Mota zake mbili na sehemu ya reli zake zilitolewa katika plota kuukuu, yaani mashine ya ofisini ya kuchorea ramani kwa kalamu. Mota ya tatu ilitoka katika mashine ya kunakili karatasi. Na fremu iliungwa kwa mabomba ya chuma. Palipokuwa na kalamu sasa pana mota yenye kasi inayozungusha kisu cha kuchongea. Palipokuwa na mikanda ya mpira pametiwa parafujo ndefu ambazo zikizunguka mara moja husogeza meza kwa milimita 5, kwa kuwa mkanda wa plota uliumbwa kuvuta kalamu, nao hauwezi kusukuma chuma ndani ya mninga.

Kuitwisha mashine kazi ambayo haikuzaliwa nayo si jambo geni katika nyanda hizi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, na mwaka 1947 kazi ya kufyeka pori ilianza Kongwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Matrekta mapya yalikuwa haba. Basi yakanunuliwa matrekta makuukuu yaliyoachwa na jeshi la Marekani kule Ufilipino, na kiwanda cha Vickers huko Uingereza kikachukua vifaru vya vita aina ya Sherman, kikaviondolea minara na mizinga, kikavigeuza kuwa matrekta ya kufyekea pori. Vikapewa jina la Shervick, yaani nusu Sherman na nusu Vickers. Lakini udongo wa Kongwa, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, pamoja na mizizi ya miti na uhaba wa vipuri, ulizishinda mashine. Mvua nazo hazikutimiza ahadi, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kula zaidi ya paundi milioni 35.

Sisi hapa twautazama mkasa huo kwa upande wa maneno tu. Jina la Shervick halikupata nafasi katika Kiswahili. Maneno yaliyokaa vinywani mwa watu kwa mashine za aina hiyo ni trekta, greda na tingatinga. Mawili ya kwanza yalikuja juu ya mashine zenyewe, kama vumbi lijavyo juu ya gari. La tatu linasikika kama ardhi inayotingishwa. Mtu aliyekuwa na kazi ya kufanya hakujali mashine iliitwaje kiwandani. Alitaka neno litakalomwezesha kumwambia mwenzake asogee.

Zana za mkono zilikuwa zimekwisha kupata majina yake zamani zaidi. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, nayo ilirahisisha safari ya mafundi kutoka pwani pamoja na zana zao na maneno yao. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inatuonyesha jinsi msamiati huo ulivyokuwa mpana: keekee ya kutobolea, jiliwa ya kubania, bikari ya kuchorea duara, kitenzi kukereza kwa kazi ya kuuzungusha mti huku ukichongwa. Twapenda kuyataja maneno haya kwa kuwa vijana wengi wa karakana leo husema drili na leithi, nao hudhani kwamba Kiswahili hakikuwa na neno kabla ya drili. Kilikuwa nalo. Tatizo la mashine tunayoisimulia ni la namna nyingine: hapa zana ni mpya na neno ni la kale.

Mwaka 1973 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu ya nchi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na mwaka 1976 mpango mkuu wa mji ulikamilishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Kwa kawaida ya ofisi za wasanifu wa zama hizo, michoro ilikuwa kazi ya mkono: meza iliyoinama, rula ndefu, karatasi inayopenya mwanga, na kalamu za wino za unene mbalimbali. Mchoraji aliyepiga chafya vibaya aliweza kupoteza kazi ya siku nzima.

Plota ilikuwapo tayari ulimwenguni. Kampuni ya Marekani iitwayo CalComp ilianza kuuza plota yake ya namba 565 mwaka 1959. Karatasi ilizungushwa na pipa huku na huku, kalamu ikasogea kulia na kushoto, na kila msogeo ulikuwa hatua moja ya sehemu ya mia ya inchi. Mstari wa mshazari ulikuwa kwa hakika ngazi ya vidato vidogo mno, lakini jicho liliuona umenyooka.

Kwetu mashine hizo zilikuwa na kizuizi chake. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya matatizo katika matumizi yake, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980. Plota bila kompyuta ni meza tu. Kwa hiyo miaka ileile ambayo mji mkuu mpya ulikuwa ukichorwa, mashine ambayo ingeweza kuuchora ilikuwa imefungiwa mlango.

Neno, hata hivyo, halifungiwi mlango na forodha. Kompyuta ilikwisha kutajwa, nayo ikazua mjadala ambao wasomaji wetu wanaufahamu: wapo waliotaka ngamizi, wapo waliotaka tarakilishi, ambalo lilipata wafuasi wengi zaidi nchini Kenya, na wapo waliosema kompyuta inatosha. Tanzania imebaki na kompyuta. Hatuoni haya kwa hilo. Neno kishikwambi, ambalo Baraza lilipendekeza kwa kompyuta ndogo bapa ya mkononi, lilichekwa mwanzoni, lakini wakati wa Sensa ya mwaka 2022 makarani walikwenda nyumba kwa nyumba wakiwa na vishikwambi, na kicheko kikaisha. Neno hushinda linapopewa kazi.

Baada ya kompyuta kuruhusiwa, plota zilifuata, kwanza katika ofisi za ramani na ujenzi, kisha ndugu zake wa mitaani, yaani mashine zinazoshika kisu kidogo mahali pa kalamu na kukata herufi katika karatasi za plastiki zenye gundi. Mafundi wa mabango hawakuiita mashine hii kwa jina lolote la kitaalamu. Wanaiita mashine ya stika. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, na mji ulipopewa hadhi ya jiji mwaka 2018, vibao vya ofisi, namba za milango na milango yenyewe vilihitajika kuliko zamani. Mashine ya stika ikawa na kazi, na fundi seremala aliyeitazama ikikata akajiuliza kwa nini isikate mbao.

Hapa yatupasa kueleza mota yenyewe, kwani bila kuielewa mjadala wa istilahi utakuwa wa upepo. Mota ya kawaida ukiipa umeme huzunguka, na ukiukata husimama popote ilipofika. Mota hii ni tofauti. Ndani yake mna sumaku inayozunguka, ambayo katika aina iliyoenea sana ina meno 50, nayo imezungukwa na koili zilizopangwa katika makundi mawili. Koili zikipewa umeme kwa zamu, kila zamu huivuta sumaku robo ya jino. Zamu 200 hutimiza mzunguko mmoja kamili, na kila zamu ni nyuzi 1.8. Umeme usipobadilishwa, mota hukaa pale pale imejishikilia, na mtu akijaribu kuigeuza kwa vidole itamkatalia.

Fundi anayefungua mashine kuukuu huona kwanza waya. Mota ya hatua aghalabu ina waya 4, 5, 6 au 8. Akitaka kujua zipi ni za koili moja, huzigusanisha mbili mbili na kuuzungusha mhimili kwa mkono: ukiwa mgumu ghafla, amezipata. Akikuta waya mbili tu ameangukia mota ya kawaida, na plota nyingi za baadaye zina mota za namna hiyo, zikiongozwa na kioo chenye mistari kinachosomwa na jicho la umeme. Mota hiyo haiwezi kuendeshwa kwa hatua. Tumesikia habari za watu walionunua plota mbovu kwa bei ya chuma chakavu wakakuta humo mota zisizowafaa, na hilo nalo ni tatizo la istilahi kwa kiasi fulani, maana muuzaji na mnunuzi wote walisema "mota ya plota" na kila mmoja alikusudia kitu chake.

Kadi ya zamani ya plota, ambayo mara nyingi imekwisha kufa, hutupwa. Plota ilielewa lugha fupi ya amri. Katika ile ya Hewlett-Packard, herufi PU ni agizo la kuinua kalamu na PD ni la kuishusha. Mashine za viwandani zilikuwa na lugha nyingine iliyokua kutokana na kazi ya John Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta huko Michigan, na Chuo cha MIT, ambacho mwaka 1952 kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wenye matundu. Kwa miaka mingi lugha hiyo ilikuwa mali ya viwanda vyenye fedha. Ilishuka hadi kwa mafundi wa nyumbani pale programu za bei nafuu au za bure zilipotokea: LinuxCNC, ambayo asili yake ni kazi ya taasisi ya viwango ya Marekani katika miaka ya 1990, Mach3, iliyotumika katika kompyuta za kawaida za ofisini, na Grbl, iliyotungwa na Simen Svale Skogsrud wa Norway mwaka 2009 ili ikae ndani ya kadi ndogo ya Arduino. Zote hufanya jambo moja. Huchukua mchoro, huuvunja kuwa misogeo, na kwa kila mota hutoa waya mbili za habari: waya wa kwanza hupeleka mpigo mmoja kwa kila hatua, waya wa pili husema upande wa kwenda.

Kazi ya namna hii haifanyiki Dodoma peke yake. Mwaka 2013 Kodjo Afate Gnikou wa Lomé, Togo, alijulikana kwa kuunda mashine ya kuchapa vitu vya plastiki kutokana na taka za elektroniki. Nairobi kampuni ya AB3D, na Dar es Salaam karakana ya STICLab, zimetumia sehemu za mashine kuukuu kwa kazi hiyohiyo. Twalitaja hili ili ieleweke kwamba tunapotafuta maneno hatumtafutii mtu mmoja mwenye mchezo wake.

Sasa turudi kwenye neno. Wajerumani, Warusi na Wafaransa wote wameiita mota hii kwa neno lao la hatua ya mguu, na Wafaransa neno hilohilo wanalitumia pia kwa umbali kati ya uzi na uzi wa parafujo. Sisi tulikuwa na maneno mawili ya kuchagua, hatua na kidato.

Kidato kina watetezi wake, nao wana hoja. Kidato kwa asili ni chale inayokatwa katika shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Mkwezi hutoka kidato hadi kidato, na katika kila kidato hupumzika imara. Kwa sura ya nje mota hii ndivyo ifanyavyo. Lakini tunalikataa neno hilo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ya wazi: kwa Mtanzania wa leo kidato ni darasa la sekondari, na fundi akisema "kidato cha nne" mwanafunzi wake atafikiria mtihani. Ya pili ni nzito zaidi. Kati ya kidato na kidato hakuna kitu. Mkwezi hawezi kusimama katikati. Mota yetu inaweza. Koili zote mbili zikipewa umeme pamoja, sumaku husimama nusu ya njia, na umeme ukigawanywa kwa ustadi baina yao husimama popote katikati. Kati ya hatua na hatua, kinyume chake, pana ardhi tupu, na mtu aweza kukanyaga atakapo. (Tungeweza kuongeza kwamba Dodoma si nchi ya minazi, lakini hoja hiyo ingemfurahisha Mgogo na kumchukiza Mmakunduchi bila faida.)

Hatua, basi. Na neno hili lina sifa ambayo watungaji wa istilahi mijini wameisahau. Katika vijiji vyetu hatua ni kipimo. Mkulima akiulizwa ekari ni nini atajibu: hatua 70 kwa hatua 70. Hesabu hiyo si ya kubahatisha, kwani yadi 70 kwa 70 ni yadi za eneo 4,900, na ekari ya kisheria ni 4,840. Mkulima huyo hana kamba. Huanza penye mti au jiwe, hutazama mbele, hutembea akihesabu, na akifika 70 hupiga kigingi. Hatazami nyuma kuhakikisha. Akijikwaa, au mtu akimsemesha akasahau hesabu, shamba limeharibika na yeye hajui.

Mota ya hatua hufanya vivyo hivyo hasa. Programu hutuma mipigo 4,000 na huamini kwamba mota imekwenda hatua 4,000. Hakuna jicho linaloangalia. Kisu kikikutana na fundo la mti mota ikashindwa kusogea, programu huendelea kuhesabu, na kuanzia hapo kila mstari umekaa mahali pasipo pake. Kwa tukio hili mafundi husema mashine "imeruka". Hapa hatukubaliani nao, ingawa ni wao wenye mikono michafu. Kuruka hatua ni kwenda mbele bila kukanyaga, ilhali mota hapa imekanyaga palepale. Kijana akiambiwa mashine imeruka atadhani imekwenda mbali mno, atapunguza namba, na kosa litakuwa mawili. Tunapendekeza kupoteza hatua. Mkulima aliyesahau hesabu hakuruka shamba. Amepoteza hatua zake.

Ndipo tunafika kwenye nusu hatua. Mota ikiendeshwa kwa hatua nzima, katika kasi fulani hutetemeka na kulia, na mtetemo huo huonekana katika ubao kama mikunjo. Dawa yake ni kuigawa hatua. Fundi wetu alitaka hivyo, na agizo lake lilikuwa na mambo mawili ndani yake: kugeuza swichi ndogo za kifaa kinachoipa mota umeme, na kurekebisha namba katika programu inayosema ni mipigo mingapi inahitajika kwa kila milimita. Kwa hatua nzima namba hiyo ilikuwa 40, yaani hatua 200 za mzunguko kugawanywa kwa milimita 5 za parafujo. Kijana aligeuza swichi kama inavyotakiwa. Kisha akaiendea namba 40, akakumbuka ameambiwa nusu, akaandika 20. Ilitakiwa 80. Mota sasa inakwenda kwa hatua fupi nusu, na inapewa idadi nusu. Nusu ya nusu ni robo, na robo ya sentimita 80 ni 20. Hivyo ndivyo mlango ulivyogeuka stempu.

Fundi alikuwa tayari kumlaumu kijana kwa uvivu wa hesabu. Sisi hatukuona uvivu. Neno nusu humvuta msikilizaji apunguze, ilhali kazi yote inayofuata ni ya kuongeza. Istilahi inayomwelekeza mtumiaji kinyume cha tendo analotakiwa kulifanya ni mbovu hata ikiwa tafsiri yake haina doa, na nusu si mwisho wa mambo. Vifaa vya siku hizi huigawa hatua mara 4, 8, 16 na zaidi, nasi tukiendelea na njia hii tutawaambia vijana "sehemu ya kumi na sita ya hatua" na kutumaini kwamba watazidisha.

Pendekezo letu ni kuacha kutaja ukubwa wa kipande na kutaja idadi ya vipande. Neno lipo: mgawo. Hatua nzima iwe mgawo wa 1, nusu hatua iwe mgawo wa 2, na kuendelea hadi mgawo wa 16 na zaidi. Namba ya mgawo ndiyo hiyo hiyo ya kuzidisha: 40 kwa mgawo wa 2 ni 80, 40 kwa mgawo wa 16 ni 640. Kipande chenyewe kikihitaji jina kiitwe kihatua. Tunajua kwamba mgawo umezoeleka kwa chakula na umeme, na wasomaji wa umri wetu watakumbuka foleni. Lakini maana hizo haziingii karakanani, na kama zikiingia hazimpotezi mtu namba.

Kuhusu kifaa kinachopokea mipigo na kuipa mota umeme wake, mafundi husema draiva. Tafsiri iliyozoeleka katika maandishi ya kompyuta ni kiendeshi, lakini neno hilo limekwisha kubebeshwa diski pamoja na programu ndogo za kuongozea vifaa, na fundi aliye na vitu vyote vitatu juu ya meza moja atahitaji kuonyesha kwa kidole. Kwa mfano wa kipimajoto na kipazasauti, twapendekeza kiendeshamota. Ni refu, twakiri. Pulsi iwe mpigo, ambalo kila mtu analijua kwa moyo wake, na mota yenyewe ibaki mota ya hatua. Kwa plota hatuna haraka. Kanuni zetu za kuunda istilahi zinatutaka tutazame kwanza Kiswahili chenyewe, kisha lugha za jirani zetu, ndipo tuende ng'ambo, na kwa njia hiyo tulipata bunge na kitivo kutoka lugha za Bara. Lakini plota za kalamu zenyewe zinatoweka maofisini, na hatuoni faida ya kuivika mashine inayoondoka joho jipya. Mashine ya stika ina jina tayari, la watu wenyewe. Kamati isiliguse.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Ikiwa hilo litatekelezwa katika vyuo vya ufundi, mtu fulani atakaa kuandika kitabu cha mashine hizi, na maneno atakayoyaandika katika toleo la kwanza yatakuwa magumu kung'oa kuliko visiki vya Kongwa. Tungependa mtu huyo kwanza asimame siku moja mahali ambapo mninga unakatwa.

Tulirudi katika karakana ile miezi michache baadaye. Kijana alituambia kwamba hesabu ilimkaa kichwani siku fundi alipoacha kuzungumzia mota akamtoa nje, akamwambia apime upande wa ekari kwa kutembea nusu nusu ya hatua. Alifika hatua 70 akajikuta katikati ya upande. Akaendelea hadi 140. Ukutani, juu ya swichi, palikuwa pameandikwa kwa chaki: mgawo 2, 80. Ubao ulioharibika haukutupwa. Ulikatwa ukawa vigoda vitatu, na mlango mdogo wa sentimita 20, pamoja na maua yake yote, umekaa katikati ya kiti cha kimoja.